Meno ya Mbwa Chini ya Maji

Picha za mbwa chini ya maji, ambazo katika miaka ya karibuni zimependwa na watu wengi duniani, ni picha zinazopigwa na mtu aliyezama bwawani akiwa na kamera iliyofungiwa ndani ya kasha lisilopitisha maji, huku mbwa akijitosa kutoka juu kufuata mpira au kichezeo kinachozama, macho yakiwa wazi, masikio yakielea na mdomo ukiwa umepanuka. Mazungumzo haya yanachunguza kwa nini picha hizo huwachekesha na kuwagusa watu, na kwa nini mtazamaji wa mji wa Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Kongo, ambaye amezoea kumjua mbwa kama mlinzi kabla ya kumjua kama mwenzi wa michezo, ana sababu yake ya pekee ya kuzitazama kwa makini.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi mnyama huyu huitwa imbwa, na mahali pake panapojulikana zaidi ni kwenye lupango, yaani kiwanja cha nyumba kilichozungushiwa ukuta au ua, ambako mara nyingi kibao cha Kifaransa kilichotundikwa mlangoni humwonya mpita njia kwamba ndani yupo mbwa mkali. Mbwa wa lupango hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na thamani yake hupimwa kwa sauti yake na kwa meno yake. Hofu hiyo ya meno si hofu ya bure, kwa kuwa ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao huambukizwa kwa mate ya mnyama mgonjwa hasa kwa njia ya kuumwa, bado unaua watu nchini Kongo, na mtu ambaye ameanza kuonyesha dalili zake karibu hapati kupona kamwe. Kwa hiyo mtoto wa Lubumbashi hufundishwa mapema kwamba mbwa anayekenua, yaani anayevuta midomo nyuma mpaka meno na ufizi vionekane, ni mbwa wa kukimbiwa, na somo hilo ni la haki.

Ndiyo maana inafaa kuanza na meno. Kitu cha kwanza kinachoonekana katika picha nyingi za mbwa chini ya maji ni meno hayohayo, yakiwa wazi yote, kuanzia chonge za mbele hadi magego ya nyuma, kwa namna ambayo hata mbwa mwenye hasira hayaonyeshi. Mtu anayeiona picha ya namna hiyo kwa mara ya kwanza hushtuka, kisha baada ya nusu ya nukta hucheka, na katika mwendo huo mfupi kutoka mshtuko hadi kicheko ndimo lilimo karibu jambo zima linaloelezwa hapa.

Sababu ya meno kuonekana ni ya kimaumbile. Maji yana uzito wa takriban mara 800 kuliko hewa ya ujazo uleule, na mbwa anayejitosa kwa kasi huku mdomo ukiwa wazi ili kudaka mpira hukutana na ukuta wa maji unaomsukuma usoni. Midomo ya mbwa, hasa ya mbwa wenye mashavu yaliyolegea, ni ngozi laini isiyoshikiliwa na mfupa, kwa hiyo maji huirudisha nyuma, huifunua, na wakati mwingine huipeperusha kama kitambaa kilichoanikwa kwenye upepo, huku masikio yakiinuka na ngozi ya paji la uso ikijikunja. Uso unaotokea hapo haukuamriwa na misuli ya hasira, bali umechongwa na maji. Mbwa mwenyewe ana jambo moja tu moyoni, nalo ni mpira, lakini uso aliovishwa ni wa simba, na tofauti hiyo kati ya nia na sura ndiyo inayomfanya mtazamaji acheke bila kumdharau mnyama.

Kamera nayo ina mchango wake. Mwanga unapotoka ndani ya maji na kuingia katika hewa iliyo nyuma ya kioo bapa hupinda, na kwa sababu ya kupinda huko kitu kilichomo majini huonekana kama kimesogea karibu kwa robo ya umbali wake na kukua kwa theluthi moja hivi. Wapiga picha hutumia kioo kilichobinuka kama nusu ya tufe ili kurekebisha upotovu huo, kisha huweka lenzi pana, yaani lenzi inayochukua eneo kubwa kwa mara moja, ambayo huwawezesha kumkaribia mbwa hadi umbali wa mkono au chini ya hapo. Ukaribu huo una faida mbili. Unapunguza maji yaliyo kati ya kioo na mnyama, na kwa hiyo unapunguza vumbi linaloelea na upotevu wa rangi, kwa maana maji hunyonya kwanza rangi nyekundu na kuacha kila kitu kikiwa na rangi ya buluu; na pia unaikuza pua ya mbwa kupita kiasi huku mwili wake ukipungua kuelekea mkiani, jambo ambalo huongeza ucheshi wa picha.

Lipo jambo la tatu, ambalo pengine ni zuri kuliko yote. Uso wa maji uliotulia, ukitazamwa kutoka chini kwa mshazari, hauonyeshi anga bali hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia, kwa sababu mwanga unaoufikia kwa mlalo mkubwa hauwezi kutoka na hurudishwa wote ndani. Hivyo mbwa anayeogelea chini kidogo ya uso wa maji huonekana akiwa na mwenzake juu yake, kichwa chini miguu juu, wakiwa wamegusana migongo. Picha moja huwa na mbwa wawili, ingawa aliyeruka ni mmoja.

Historia ya ufundi huu inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mwaka 1856 Mwingereza William Thompson aliteremsha kamera ndani ya sanduku katika ghuba ya Weymouth na kupata picha hafifu, ingawa sanduku liliingiwa na maji. Mwaka 1893 Mfaransa Louis Boutan alianza kupiga picha za chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer. Baadaye Jean de Wouters, mhandisi wa Kibelgiji, alimbunia Jacques Cousteau kamera ndogo iliyoitwa Calypso, ambayo haikuhitaji kasha kwa kuwa yenyewe ilikuwa imezibwa dhidi ya maji, na kampuni ya Nikon ikaichukua na kuiuza kwa jina la Nikonos kuanzia mwaka 1963. Katika safari hiyo ndefu waliopigwa picha walikuwa samaki, matumbawe, wapiga mbizi na meli zilizozama. Mbwa aliingia karibu kwa bahati: mwaka 2010 mpiga picha wa Marekani Seth Casteel alikuwa akimpiga picha mbwa mdogo ambaye hakukubali kutulia nchi kavu, bali aliendelea kujitosa bwawani kuufuata mpira wake, hata Casteel akanunua kamera ndogo ya majini na kumfuata huko. Picha zake zilienea duniani mwanzoni mwa mwaka 2012, na kitabu kikafuata mwaka huohuo. Inafaa kuzingatia kwamba aliyechagua mahali pa kupigia picha hakuwa mtu, bali mbwa.

Ili kuelewa kicheko kilichotajwa hapo juu, msaada mkubwa unapatikana kwa mwanazuoni Gregory Bateson, aliyewatazama nyani wadogo wakicheza katika bustani ya wanyama ya San Francisco mwaka 1952 na kuuliza ni kwa vipi wanajua kwamba wanaumana kwa mchezo tu. Jibu lake, lililochapishwa mwaka 1955, lilikuwa kwamba wanyama wanaocheza hupeana ujumbe ulio juu ya tendo lenyewe, ujumbe unaosema kwamba huu ni mchezo, hivyo kung'ata kwa mchezo kunataja ung'ataji halisi lakini hakutaji kile ambacho ung'ataji halisi ungekitaja, yaani vita. Mbwa wana ishara ya wazi ya ujumbe huo: hushusha kifua na miguu ya mbele hadi karibu na ardhi, huku sehemu ya nyuma ikibaki imeinuka na mkia ukitikisika, na baada ya ishara hiyo meno yanaweza kutumika bila kuogopesha. Chini ya maji ishara hiyo haipo, kwa kuwa hakuna ardhi ya kuinamia. Meno yameachwa peke yake bila maelezo. Anayelazimika kuyatoa maelezo hayo ni mtazamaji, ambaye anaona macho yaliyotulia, miguu inayopiga maji kitoto na mpira mdogo mbele ya mdomo mkubwa, kisha anajiambia mwenyewe kwamba huu ni mchezo. Picha nyingi za wanyama humpa mtazamaji hisia iliyo tayari, lakini hii humtaka aifanye kazi ya kusoma uso wa mnyama upya, na furaha anayoipata ni malipo ya kazi hiyo.

Mkazi wa Lubumbashi haijii picha ya kiumbe cha majini akiwa mgeni. Katika miaka ya 1970, wachoraji wa mitaa ya miji ya Katanga, ambayo wakati huo iliitwa Shaba, waliwauzia wafanyakazi na makarani picha za rangi za kutundikwa sebuleni, na mojawapo ya mada zilizopendwa kupita kiasi ilikuwa mamba muntu, jina linalounganisha mamba na mtu, ingawa kiumbe mwenyewe huchorwa kama mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, akiwa ameketi ukingoni mwa maji. Ilisimuliwa kwamba anayeokota kitu chake, kama vile kitana au unywele, hutokewa naye ndotoni na hupewa utajiri kwa masharti ya siri na uaminifu. Mtaalamu wa elimu ya binadamu Johannes Fabian, ambaye wakati huo alikuwa akifanya utafiti Katanga, alizichunguza picha hizo na kueleza kwamba wachoraji na wanunuzi walizipima kwa neno moja la Kiswahili, ukumbusho, kwa maana ya uwezo wa picha kumfanya mtu afikiri na kuanza kusimulia. Picha isiyoamsha masimulizi sebuleni haikuhesabiwa kuwa picha njema, hata kama mkono ulioichora ulikuwa hodari.

Kipimo hicho ni chema, na kinastahili kutumiwa hata kwa picha ya mbwa. Mamba muntu na mbwa wa bwawani wanafanana kwa jambo moja la msingi, kwamba wote wawili hukaa kwenye mpaka ambao jicho la kawaida halivuki, na wote humwonyesha mtazamaji kitu anachokifahamu nusu, uso wa mwanamke au uso wa mnyama wa nyumbani, kikiwa kimeunganishwa na nusu nyingine asiyoifahamu. Tofauti yao ni kwamba mamba muntu huvuta watu kuelekea kwake kwa ahadi na kwa tishio, ilhali mbwa haahidi wala hatishi, naye hurudi juu akiwa na mpira. Hata hivyo picha yake huamsha masimulizi. Mtu aliyeumwa utotoni atakumbuka jeraha, aliyelelewa na mbwa wa mjomba wake atakumbuka jina la mbwa huyo, na mwingine atauliza kama ni haki mnyama kuchezeshwa hivyo wakati watu wengi mjini wanabeba maji kwa bidoni. Maswali hayo yote ni ya halali, na picha inayoyaleta mezani imefaulu kwa kipimo cha sebule za Katanga.

Magharibi ya mbali, katika eneo la Kongo ya Chini, mbwa na maji viliwahi kuunganishwa kwa fikra nzito zaidi. Watu wa kabila la Wakongo walichonga sanamu iliyoitwa Kozo, mbwa mwenye vichwa viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, kwa imani kwamba mbwa, ambaye hukaa kijijini na kuwinda msituni, huona pande mbili, ulimwengu wa walio hai na ule wa waliokufa. Na mpaka kati ya malimwengu hayo mawili, kalunga, ulifikiriwa kuwa maji. Si lazima mpiga picha wa leo ajue habari hiyo, lakini anayeijua hataweza tena kumtazama mbwa aliyerudufishwa na kioo cha maji, mmoja akielekea juu na mwingine chini, bila kuikumbuka sanamu hiyo. Katika pwani ya Waswahili, ambako wengi hufuata madhehebu ya Shafii, maji na mbwa hukutana kwa namna nyingine kabisa: chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na methali husema kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini. Msikilizaji wa huko ana haki ya kuikataa picha hii asiitundike nyumbani kwake, na kukataa huko hakuondoi ukweli kwamba fiqhi hiyohiyo inamruhusu mbwa wa uwindaji na wa ulinzi.

Inaweza kuulizwa kama mji wa Lubumbashi, ambao picha zake mashuhuri zimebeba mambo mazito, una nafasi ya mchezo wa namna hii. Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1978, alijulikana kwa kazi yake iitwayo Mémoire, ambamo watu waliokatwa kutoka katika picha za kikoloni husimama mbele ya viwanda vya madini vilivyochakaa. Na jumuiya ya sanaa aliyoiasisi pamoja na wenzake, ambayo imekuwa ikiandaa maonyesho makubwa ya mji huu tangu mwaka 2008, ilichagua kuitwa Picha tu, neno la kila siku. Uzito huo ni wa lazima katika mji uliojengwa kwa shaba na kwa jasho la watu waliochukuliwa mbali. Lakini neno picha ni pana, na mji ambao wachoraji wake waliweza kuchora minyororo ya ukoloni na mamba muntu kwa brashi ileile umekwisha kujibu swali hilo.

Kuna jambo moja ambalo kila anayevutiwa na picha hizi anapaswa kulijua, kwa kuwa uzuri wake wote hutegemea ukweli wa mchezo. Mbwa anayetupwa majini kwa nguvu hachezi, na kamera hulionyesha hilo katika weupe wa macho yake na katika shingo iliyokakamaa. Wafundishaji wema huanza na chombo kisicho na kina, ambako mbwa huokota mpira juu ya maji, kisha kwenye ngazi ya kwanza ya bwawa, kisha ya pili, na kwa siku nyingi hujifunza kubana pumzi kwa hiari yake. Methali ya Kiswahili inasema kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko, na hekima yake inahusu mabwawa kwa namna ambayo wahenga hawakuitarajia: bwawa la kuogelea lenye kuta zilizonyooka halina ufuko, na mbwa wengi hufa ndani yake si kwa kukosa kuogelea bali kwa kukosa pa kutokea, ndiyo maana somo la kwanza kabisa ni kumwonyesha ngazi. Mbwa wenye pua fupi na vifua vizito, kama vile buldogi, huzama kwa urahisi na hawafai kwa kazi hii. Hata mbwa hodari hapaswi kurudiarudia bila kupumzika, maana kila anapodaka mpira humeza maji, na maji mengi mno hupunguza chumvi ya damu hata kuweza kumuua.

Kwa Lubumbashi yapo masharti ya ziada. Mito inayopita mjini hupokea maji ya viwanda vya madini na taka za mitaa, na maji yaliyotuama yanaweza kuwa na konokono wa kichocho, kwa hiyo mahali salama ni bwawa safi la kuogelea ambalo mwenyewe ameridhia. Mji uko juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali inayoyapoza maji. Mvua nazo huanza Novemba na kuleta matope na mawingu. Msimu unaofaa basi ni Septemba na Oktoba, wakati jua limeshapata nguvu na mvua haijaanza. Mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa, na ushauri utafutwe kwa daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo kizima cha udaktari wa wanyama.

Inabaki habari ya mbwa ambaye Kongo yenyewe imeupa ulimwengu, basenji, mbwa mdogo wa rangi ya kahawia na nyeupe mwenye mkia uliojiviringa, ambaye habweki kama mbwa wengine na ambaye wawindaji wa msituni walimfunga kengele ya mbao shingoni ili wajue alipo. Jina lake ni la ukoo mmoja na neno mshenzi, ambalo miji ya kikoloni ililitumia pia kuwadharau watu waliotoka vijijini, na hilo ni doa ambalo mbwa hakulitafuta. Alionyeshwa Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1895, na kuanzia mwaka 1937 akaanza kuzalishwa huko kwa mafanikio. Wafugaji wake wengi husema kwamba basenji hapendi maji, hukwepa hata mvua, na hujilamba kama paka ili asihitaji kuogeshwa.

Mpiga picha anayempenda mbwa huyo hawezi kumpiga picha chini ya maji bila kumdhulumu. Anachoweza kufanya ni kuzama yeye peke yake, kutulia karibu na ukingo na kuielekeza kamera juu moja kwa moja, mahali ambapo uso wa maji huacha kuwa kioo na kuwa dirisha. Basenji atakuja bila sauti, atasimama ukingoni, atainamisha kichwa na kulikunja paji lake la uso, na kamera itaupata uso wake ukiyumba kwa viwimbi dhidi ya anga la Katanga, mdomo umefumbwa, akimchungulia binadamu aliyeingia mahali ambapo yeye amekataa kuingia.